Bi Aziza hayupo duniani lakini kiti chake kimenitoa laki nne na themanini

Nilisema nikimaliza hii kazi naandika riviu, basi leo nimekaa, chai ipo pembeni, naandika mazuri na mabaya yote. Jina la karakana sitaji maana humu ndani kuna lawama na sitaki kumharibia mtu riziki, ila ni Keko, Dar, kule kule tunakoenda wote kutafuta kitanda na kabati, unapita barabarani unaona sofa zimepangwa nje vumbi linazipiga, basi ni humo humo, unaingia ndani kidogo.

Kazi yenyewe haikuwa ya kawaida. Mimi na wenzangu tunatengeneza filamu fupi ya dakika 20, mhusika mkuu ni Bi Aziza, tumemtunga wenyewe, mjane wa Unguja mwaka 1885, enzi za Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar. Mumewe alikuwa na mashamba ya karafuu, kile kimbunga cha 1872 kikayalaza (kimbunga chenyewe ni cha kweli, kilipiga Unguja mwezi wa nne na mikarafuu ikaanguka mingi mno), mume akafa na madeni, sasa bibi yupo ndani ya nyumba yake ya mawe anauza kitu kimoja kimoja kimyakimya majirani wasijue. Filamu nzima inatokea ndani ya chumba kimoja. Kwa hiyo chumba ndo mhusika wa pili, na mimi ndo nikapewa chumba.

Sasa ukimwambia mtu fenicha za Zanzibar ya Barghash moja kwa moja anawaza Beit al-Ajaib, lile jumba alilojenga 1883, lenye umeme na lifti kabla mji wenyewe haujajua umeme ni nini (ndo lile lililoporomoka upande Desemba 2020, bado linaniuma). Anawaza dhahabu, anawaza mazulia. Ila Bi Aziza siyo sultani, ni mtu aliyekuwa nacho halafu hana, na hicho ndo kitu kigumu kumweleza fundi, kwamba nataka kitu cha kifahari ambacho kimechoka.

Karakana ya kwanza niliyoingia walinionyesha simu, picha za sofa za Kituruki zenye maua ya dhahabu na vitufe mgongoni, wakaniambia hii ndo ya kizamani sista, hii ndo wanapenda maharusi. Ya pili wakaniambia niwatumie picha yoyote wanakopi. Yoyote. Nikawatumia picha ya kiti cha enzi cha Lamu, jamaa akajibu "hiki kiti cha kanisani?" Nikaondoka.

Hii ya tatu mwenyewe ni kijana, ana mashine ya CNC, ile inayochonga mbao yenyewe kwa kompyuta, ana maneno matamu, na kusema kweli nilikuwa nishakata tamaa, ila pembeni kulikuwa na mzee mmoja amekaa chini ananoa patasi. Mzee wa Kiunguja, ukimsikiliza tu unajua. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, halafu wakati kijana ananipigia hesabu kwenye kalkuleta mzee akaniuliza bila kuinua kichwa, "Huyo bibi, mwanangu, mtoto wa nani?"

Nikasema babu, ni mtu wa kutunga.

"Najua wa kutunga. Mtoto wa nani?"

Hapo ndo nikajua nimefika. Maana kumbe swali lile ndo linaamua kila kitu, kama mama yake ni mtu wa Siyu (mji wa kisiwa cha Pate, upande wa Lamu) kiti cha enzi kina sababu ya kuwepo ndani ya chumba cha Unguja, kama siyo basi kile kiti ni pambo tu la kumfurahisha dairekta. Vile viti ni vya kule juu, Siyu, Pate, Lamu, havizaliwi Unguja. Tukakubaliana palepale mama ni wa Siyu, alikuja na kiti kwenye jahazi siku za harusi yake, na kwa sababu kiti cha enzi kinafunguliwa vipande vipande na kuungwa tena, kusafiri nacho siyo ajabu. Nikarudi nyumbani nikamwambia mwandishi wa skripti kwamba fundi seremala amemwongezea mhusika mama. Akanuna siku mbili halafu akakubali.

Nikamwonyesha mchoro wangu wa chumba. Nilikuwa nimechora mita tano kwa tano, kizuri kweli, kamera inapita popote. Mzee akakiangalia akasema "Chumba hichi hakijengeki." Nikauliza kwa nini. Akanionyesha juu kwa kidole, dari! Nyumba za mawe dari lake linabebwa na boriti za mikoko, na boriti ina mwisho wake, inafika mita tatu hivi basi, ukitanua zaidi dari lote la mawe na chokaa linakudondokea kichwani. Ndo maana vyumba vya nyumba za zamani za Lamu na Unguja ni vyembamba na virefu kama behewa, siyo kwamba watu walipenda kubanana, mkoko ndo uliamua. Kwa hiyo tukabadilisha, mita mbili na nusu kwa saba, mpiga picha wangu akalia machozi kwamba hana pa kusimama, ila angalia picha zenyewe sasa, ule ufinyu ndo umempa Bi Aziza pumzi yake, kila akitembea anapita karibu na kitu ambacho bado hajakiuza.

Bei sasa. Kiti 480,000. Sanduku la misumari ya shaba 550,000. Mlango wa nakshi wa bandia, MDF, 700,000. Ukuta wa zidaka (vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo) wa jipsam na plaiwudi 620,000. Jumla 2,350,000 na wakataka asilimia 60 mkononi, yaani 1,410,000, ikaandikwa nyuma ya kalenda na hiyo ndo ikawa risiti yangu. Tuliahidiwa wiki tatu. Zilikuwa saba. Nitafika huko.

Kiti kwanza maana ndo roho ya filamu. Kwa ambaye hajawahi kukiona, kiti cha enzi ni kiti kilichonyooka kama mtu aliyekasirika, mgongo mrefu, mikono, sehemu ya kuweka miguu kwa mbele, na pale ambapo wewe ungeweka mto wao wanaweka paneli za nyuzi zilizosukwa na kukazwa mpaka zinalia kama gambusi. Vya asili ni mpingo uliotiwa njumu, yaani vipande vya urembo vya pembe au mfupa vilivyopachikwa kwenye mbao. Anakalia mgeni wa heshima, mwenye nyumba hakai kila siku. Mpingo hatukuuweza, kwanza bei, pili uzito, ule mti ukiutupa majini unazama, na muigizaji wetu kuna sehemu anakiburuta kiti peke yake. Tukatumia mninga ukapakwa rangi nyeusi. Pembe za ndovu hata hatukuzizungumza, biashara ya kimataifa ilipigwa marufuku tangu 1989 na hata isingepigwa sizitaki kwenye filamu yangu, mzee akatumia mfupa wa ng'ombe aliochemsha mwenyewe, akaukata vipande vidogo vya pembe nne na duara, akaviingiza kimoja kimoja kwa gundi. Nilikaa nimeangalia lisaa limoja na nusu. Alitia njumu 40 na kitu siku ile halafu akasema macho yamechoka.

Na hapa ndo nampa mzee nyota zake zote. Nilimwambia bibi amefulia, nilidhani atasema basi tukwaruze kwaruze tupake vumbi, ndivyo seti nyingi zinavyofanywa, unakuta kiti kimepigwa nyundo makusudi kinaonekana kama kimepata ajali. Yeye akauliza, "Kitu gani huharibika mwanzo kwenye kiti hichi?" Akajijibu, nyuzi. Na mtu asiye na pesa ya kumwita msukaji wa Lamu atafanya nini? Ataziba mwenyewe na kamba iliyopo nyumbani. Basi paneli ya mgongo akaisuka vizuri ya uzi mweupe, kona moja ya chini akaacha tundu halafu akaliziba na kamba ya usumba, nene, mbaya, kama ya kufungia mbuzi. Ukikaa mbali huoni. Kamera ikisogea unaona, na hakuna mtu kwenye filamu anayesema neno lolote kuhusu ile kamba. Dairekta alipoiona kwa mara ya kwanza alinyamaza.

Tundu za njumu pia akaacha tatu tupu. Hazijapangika, moja kwenye mkono wa kulia pale ambapo kidole cha mtu kinacheza akiwa na mawazo. Muigizaji wetu hakuambiwa, siku ya pili ya kushuti nikamkuta anaikuna kwa kucha.

Sanduku ndo lililonipa furaha na hasira kwa pamoja. Haya masanduku ya shaba tunayoyaita ya Zanzibar mengi yaliletwa na majahazi kutoka bandari za India, Surat, Bombay huko, mbao nzito, bati za shaba, misumari imepangwa maua na nyota, chini droo ndogo. Mzee alitengeneza boksi lenyewe vizuri kabisa, na bila kuambiwa akaweka sehemu ya siri, unavuta kibao cha pembeni ndani kinapanda, chini yake kuna nafasi ya kuweka mkufu. Alisema sanduku lisilo na siri ni meza. Tumeandika upya tukio zima kwa sababu ya kile kibao.

Ila misumari sasa. Misumari akapewa kazi kijana wa karakana na kijana akaenda kununua ile ya sofa, ya rangi ya dhahabu, ile ile ya pembeni ya makochi ya mabwenyenye, inang'aa kama meno ya msanii. Misumari 300 imeshapigwa. Nilisimama pale sina la kusema. Mwenye karakana ananiambia sista imependeza si ulitaka ya kifahari. Tulichofanya ni kuipaka dawa ya viatu nyeusi, tunafuta kwa kitambaa ibaki kwenye mikunjo tu, msumari mmoja mmoja, mimi na binamu yangu, usiku mzima. Inapita kwenye kamera. Ukiishika kwa mkono utajua.

Mlango. Kijana alitaka kuuchora wa tao juu, kama ile yote mnayopiga nayo selfi Mji Mkongwe. Mzee akakataa, akauliza nyumba ilijengwa lini, tukasema ya baba mkwe, zamani, akasema basi ni wa juu mnyoofu, ile ya tao yenye nakshi za Kihindi ilikuja kupendwa baadaye. Sawa. Na ile mbao ya juu milango mingi ya namna ile inabeba aya ya Qur'an na mwaka. Mimi kwa ujinga wangu nikasema tuweke aya. Mzee akaweka patasi chini. Akasema mwanangu, mkimaliza kupiga picha huu mlango mtaulaza wapi? Nikasema stoo. Chini? Nikanyamaza. Akasema basi aya hatuandiki. Aliniambia kwa upole ila niliona aibu. Tukaweka maua na mnyororo pembeni, na mwaka tu, 1270 wa hijria, ambao ni kama 1853 au 1854, Seyyid Said, babake Barghash, bado yupo hai.

Halafu kijana wa CNC akaingiza namba kwenye mashine akazigeuza. ٠٧٢١. Mlango wa laki saba unasema nyumba imejengwa mwaka 0721. Hawakuona wao, sikuona mimi, aliona mzee baada ya rangi kupigwa. Walikata kipande kile wakachonga kingine, bure, hilo nawasifu, ila ni siku nane zingine. Mfaa, ule mti wa katikati, mzee alichonga kwa mkono kwa sababu alisema mashine inachonga kama mtu asiyepumua, na kweli ukiweka mfaa karibu na zile paneli za mashine unaona tofauti, kwenye mfaa ua la tatu ni nene kidogo kuliko la nne. Kama mna bajeti kidogo na mnataka nakshi, fanyeni hivyo, mashine kwa mbali na mkono kwa karibu, pale kamera inapokaa.

Zidaka sitaki kuzisema sana kwa sababu zilikuwa nzuri tu. Vidaka 12, jipsam, kingo kali, kivuli kinaingia vizuri. Vidaka vya ngazi ngazi vya namna hii ni vya Lamu zaidi, najua, mnisamehe, mama wa Siyu ameshatusaidia hapo. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said aliyeolewa na Mjerumani, kwenye kumbukumbu zake za 1886 anaeleza vyumba vya wakubwa zidaka zimejaa vyombo vya kauri na vioo, basi sisi tukaweka sahani tatu tu kwenye vidaka 12. Sahani za Kariakoo. Na kwenye vile vitupu fundi wa rangi akapaka duara jeupe kidogo kuliko ukuta, pale sahani ilipokaa miaka 30 moshi wa taa haukufika. Hiyo ilikuwa wazo langu, jamani acheni na mimi nijisifu kidogo.

Kitanda hatukumudu. Huyo huyo Bibi Salme anasema vitanda vilikuwa virefu mpaka unapanda kwa kiti au kwa mkono wa mjakazi, samadari yenye besera (kile kitambaa cha juu kama paa) na pazia, hesabu yake ilikuja mara mbili ya kila kitu. Mzee akakereza nguzo mbili tu, tukafunga shashi juu, zinaonekana pembeni ya fremu, watu wote walioona wanaapa wameona kitanda.

Halafu kulikuwa na swali ambalo hakuna mtu kwenye timu yetu alikuwa ameliuliza. Siku namalizia orodha mzee akasema, "Na mtumwa wa bibi huyu hukaa wapi?" Skripti inamwita "mfanyakazi". Mwaka 1885! Soko la Mkunazini lilifungwa 1873 lakini kufungwa soko siyo kuisha utumwa, utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria Unguja 1897. Hiyo karafuu ilichumwa na nani, hiyo shaba ilisuguliwa na nani. Tumeshindana wiki nzima kuhusu rangi ya vanishi na hatujawahi kumpa yule mwanamke hata sehemu ya kukaa. Mzee alitoa kibao cha mbuzi cha zamani kutoka kwake, kimelika katikati, akasema chukua, bei hakuna, mweke mlangoni. Sasa hivi kwenye filamu kuna picha moja, kiti cha enzi kirefu kitupu na kibao cha mbuzi chini yake upande, na kwangu ile ndo picha ya filamu.

Lawama zilizobaki. Vanishi: niliomba isiyong'aa, nikaandika WhatsApp, nikarudia kwa mdomo, kiti kikaja kinang'aa kama gari limetoka kuoshwa, taa zote zinajiona humo. Tukapiga msasa laini na nta, siku moja imekwenda. Muda: wiki saba badala ya tatu, na kila simu ni kesho asubuhi, umeme umekatika, fundi wa vanishi amefiwa (amefiwa mara mbili ndani ya mwezi, pole yake). Usafiri walisema umo kwenye bei halafu siku ya kubeba nikaambiwa kirikuu niite mwenyewe, 45,000. Na mwenye karakana ana tabia ya kumkatisha mzee anapoongea na kastoma, anasema "usimsikilize sana huyo, atakuchelewesha", na ni kweli mzee alinichelewesha, ila ukiondoa vitu vyote vilivyotokana na kuchelewa kwake unabaki na sofa la Kituruki.

Kwa hiyo kama unataka dresingi tebo na kabati la nguo nenda tu popote, hawa siyo rahisi kuliko wengine. Kama una mhusika, wa filamu, wa jukwaani, wa chochote, nenda asubuhi kabla ya saa nne, mwenye karakana huwa hajafika, mtafute mzee, usimpe picha. Mwambie huyo mtu wako anadaiwa na nani na mama yake katoka wapi. Na chakula cha mchana mnunulie wali samaki, ugali hali.

Karakana naipa nyota tatu. Mzee simpi nyota, simo kwenye cheo cha kumpa.

Kiti sasa hivi kipo sebuleni kwangu, mama amekikataa anasema kinamwangalia. Sehemu ya kuweka miguu bado sijaletewa, tumeshuti bila hiyo, sketi ya Bi Aziza imeficha. Nimepiga simu jana, wamesema niifuate Jumamosi. Hawakusema Jumamosi ipi.